Mgeuza Vibao Ndani ya Kompyuta

1. Kibao cha njia panda

Ndugu msomaji, fikiri umetoka Titye asubuhi na gunia la maharage. Unakwenda kuuza Kasulu mjini, na njia huijui vizuri. Ukifika njia panda unasoma kibao. Kibao kinasema Kasulu ni mkono wa kushoto. Unakwenda kushoto.

Baada ya mwendo mrefu unafika mahali usipopajua. Watu wamepanga meza zao. Wanakukaribisha kwa maneno matamu. Wanataka ununue vitu ambavyo hukuvifuata. Kumbe usiku mtu alikigeuza kibao. Hakukupiga wala hakukunyang'anya gunia. Alikugeuzia njia tu. Wenye meza humlipa kwa kila mtu anayefikishwa kwao.

Katika kompyuta pia wamo wageuza vibao. Somo hili linaeleza wanavyoingia, namna ya kuwatoa, na namna ya kuwazuia wasirudi.

2. Kivinjari ni nini?

Ili kusoma mambo ya intaneti, kompyuta hutumia programu inayoitwa kivinjari. Vivinjari vinavyojulikana sana ni Chrome, Firefox na Edge. Kivinjari ndicho mlango wa kutokea nyumbani kwenda mahali pote pa intaneti.

Kivinjari kina vibao vitatu vya kukuongoza. Cha kwanza ni ukurasa wa mwanzo, yaani ule unaofunguka kwanza. Cha pili ni mtafutaji. Huyu ndiye unayemwuliza swali, naye hukuletea orodha ya majibu. Cha tatu ni ukurasa unaofunguka kila unapofungua mlango mpya ndani ya kivinjari.

Programu mbaya inayogeuza vibao hivi bila wewe kutaka huitwa mteka kivinjari. Unauliza jambo moja, yeye anakupeleka kwingine. Wenye matangazo humlipa. Pengine huandika pia kila unachokitafuta, na habari hizo zikauzwa.

3. Kaya moja na fomu ya mkopo

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yake hutokea.

Kaya moja ya wakulima ilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Waliichaji kwa umeme wa jua na waliunganisha intaneti kwa simu ya baba. Binti yao alikuwa amemaliza kidato cha sita. Alitaka kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Maombi hupelekwa kwa intaneti, nayo huwa na siku ya mwisho.

Kwa muda wa wiki mbili kompyuta ilikuwa na vituko. Ilifungua kurasa za kamari zenyewe. Bando la baba lilikwisha upesi. Walidhani ni uzee wa kompyuta.

Siku moja jioni binti aliandika katika kivinjari kwamba anatafuta mkopo wa elimu ya juu. Ukurasa ukafunguka. Ulikuwa na jina la Bodi na rangi za kupendeza. Uliandika hivi: "Tuma shilingi 50,000 kwa namba hii ya simu leo, maombi yako yapite haraka." Baba alitoa simu. Fedha hizo zilitoka katika mauzo ya maharage ya msimu mzima.

Mama alikuwa amekaa pembeni. Yeye alikuwa mwanafunzi wa darasa la watu wazima. Alikuwa anasoma maandishi ya juu ya kioo, herufi moja moja.

"Subiri kidogo, baba watoto," alisema. "Mwanangu, Bodi hii ni ya nani?"

"Ni ya serikali, mama."

"Mwalimu alitufundisha kwamba anuani za serikali yetu huishia na go.tz. Hapa juu naliona jina la Bodi, lakini mwishoni siioni go.tz. Mimi nasoma polepole. Labda nimekosea. Hebu nisomee wewe."

Binti alisoma. Akanyamaza. Akasoma tena.

"Hujakosea, mama. Huu si ukurasa wa Bodi."

Baba alirudisha simu mfukoni. Kesho yake walikwenda kwa mwalimu wa darasa la mama. Kwa simu ya mwalimu waliandika wenyewe anuani ya kweli, yaani heslb.go.tz. Walikuta siku ya mwisho ya maombi bado haijafika. Mwalimu aliwaambia, "Msijaze fomu kwa kompyuta ile mpaka tumwondoe mgeuza vibao."

4. Dalili zake

Utamjua mteka kivinjari kwa dalili hizi:

(a) Ukurasa wa mwanzo umebadilika, nawe hukuubadilisha.

(b) Unatafuta jambo kwa mtafutaji uliyemzoea, majibu yanaletwa na mtafutaji usiyemjua.

(c) Matangazo yanajitokeza hata pale ambapo hayakuwapo zamani.

(d) Kompyuta imekuwa nzito na bando linakwisha upesi.

(e) Ukirekebisha mipangilio leo, kesho imegeuka tena.

(f) Kivinjari kinaandika kwamba kinasimamiwa na shirika, wakati kompyuta ni yako ya nyumbani.

Dalili moja peke yake haitoshi kuhukumu. Kompyuta nzito inaweza kuwa nzito kwa sababu ya uzee tu. Lakini ukiona mbili au tatu pamoja, anza kazi ya kumtafuta.

5. Aliingiaje?

Mara nyingi mteka kivinjari havunji mlango. Hufunguliwa na mwenye nyumba.

Katika mfano wetu, mtoto mdogo wa kaya ile alitaka mchezo wa bure. Aliupakua mahali asipopajua. Wakati wa kuuingiza katika kompyuta, kioo kilionyesha maandishi mengi na kitufe cha kukubali. Ndani ya maandishi yale iliandikwa kwamba programu nyingine itaingia pamoja na mchezo na itabadilisha mtafutaji. Mtoto hakusoma. Alibonyeza kubali, kubali, kubali. Mchezo uliingia, na mgeni akaingia nyuma yake.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wengi walipigishwa dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Wengine walipoteza mashamba. Wengine walikubali madeni wasiyoyajua. Ndiyo maana mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Leo tunajua kusoma. Kama tukibonyeza "kubali" bila kusoma, tunapiga tena dole gumba lile lile.

Usidhani pia kwamba jambo hili ni la vijijini tu. Mwezi Juni 2017 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Check Point ilieleza habari za mteka kivinjari aitwaye Fireball. Ilisema ameingia katika kompyuta zaidi ya milioni 250 duniani. Kampuni ya Microsoft ilijibu kwamba hesabu hiyo imezidishwa. Lakini zote mbili zilikubaliana jinsi alivyoingia. Alifuatana na programu nyingine ambazo watu walizipakua wenyewe.

6. Namna ya kumtoa

Kazi hii huchukua kama saa moja au mbili. Hakikisha betri imejaa. Fuata hatua kwa utaratibu, usiruke. Maelezo haya ni ya kompyuta ya Windows na kivinjari cha Chrome. Vivinjari vingine havitofautiani sana. Ikiwa kompyuta yako inaandika Kiingereza nawe hukijui, kaa na kijana anayekijua. Lakini mwambie akusomee kila neno kabla ya kubonyeza.

*Hatua ya kwanza: Simamisha mambo ya fedha.* Usilipe kitu kwa kompyuta hiyo. Usiandike neno la siri. Nakili picha na barua zako muhimu kwenye flashi. Usinakili programu.

*Hatua ya pili: Ondoa programu ngeni.* Bonyeza alama ya Windows iliyo chini ya kioo. Fungua mipangilio, ambayo alama yake ni gurudumu lenye meno. Chagua sehemu ya programu. Utaona orodha ya programu zote. Ipange kwa tarehe ya kuingizwa. Tazama zilizoingia siku zile vituko vilipoanza. Ukikuta programu ambayo hakuna mtu wa nyumbani anayeijua, iondoe. Soma vizuri wakati wa kuiondoa. Baadhi yake huuliza swali kwa hila ili ubonyeze kitufe cha kuibakiza. Programu ambayo huna hakika nayo usiiguse kwanza. Andika jina lake kwenye daftari, uulize.

*Hatua ya tatu: Ondoa viendelezi.* Kiendelezi ni programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari. Wateka kivinjari wengi hujificha hapa. Fungua Chrome. Bonyeza nukta tatu zilizo juu kulia. Tafuta viendelezi na ufungue orodha yake. Kila usichokijua, kiondoe. Kukizima tu hakutoshi.

*Hatua ya nne: Rudisha vibao mahali pake.* Katika nukta tatu zile zile, fungua mipangilio. Chagua mtafutaji unayemjua, na umfute yule mgeni katika orodha. Kisha tazama ukurasa wa mwanzo. Futa anuani ngeni iliyowekwa hapo. Tazama pia orodha ya kurasa zilizopewa ruhusa ya kukutumia taarifa. Kurasa za kamari na za zawadi za uongo ziondolee ruhusa hiyo.

Kama vibao vinakataa kurudi, tumia sehemu ya kurudisha mipangilio ya awali. Usiogope. Katika Chrome, kazi hii huzima viendelezi vyote na kurudisha mtafutaji wa awali. Haifuti kurasa ulizozihifadhi wala maneno ya siri yaliyotunzwa humo. Lakini kurasa ulizokuwa umeziingia kwa neno la siri zitakutaka uingie tena.

*Hatua ya tano: Pekua kompyuta nzima.* Windows 10 na Windows 11 zina mlinzi wake, anayeitwa Microsoft Defender. Fungua sehemu ya usalama wa Windows. Kwanza mlinzi apate habari mpya kwa intaneti. Kisha mwagize apekue kompyuta yote. Washa pia kinga ya kuzuia programu zisizotakiwa. Kuna upekuzi mwingine unaofanyika kabla Windows haijaamka. Kompyuta hujizima na kujiwasha, na kazi huchukua kama dakika 15. Huo hufaa kwa mgeni anayejificha.

Msaidizi mwingine wa bure ni AdwCleaner wa kampuni ya Malwarebytes. Mpakue kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe tu. Watu wengi wametafuta dawa ya mteka kivinjari na kumleta mteka wa pili, kwa sababu walipakua dawa popote.

*Hatua ya sita: Zima kompyuta, iwashe, ujaribu.* Fungua kivinjari. Tafuta jambo dogo, kwa mfano bei ya maharage. Je, majibu yameletwa na mtafutaji uliyemchagua? Kama ndiyo, jaribu tena kesho na keshokutwa. Mgeni aliyetoka kweli harudi.

*Hatua ya saba: Badilisha maneno ya siri.* Fanya hivi baada ya kompyuta kuwa safi, siyo kabla. Ukibadilisha mapema, pengine mgeni atalisoma neno jipya. Anza na barua pepe, kwa sababu maneno mengine ya siri hurekebishwa kwa kupitia barua pepe.

7. Kama anarudi

Akirudi, tazama mambo matatu.

Kwanza, tazama alama ya kivinjari unayoibonyeza ili kukifungua. Pengine anuani ngeni imebandikwa ndani yake. Ifute alama hiyo na uweke mpya.

Pili, kama unatumia akaunti moja kwenye kompyuta mbili, kiendelezi kibaya kinaweza kutoka kompyuta moja na kurudi katika nyingine. Zisafishe zote mbili.

Tatu, kama kivinjari bado kinaandika kwamba kinasimamiwa na shirika, mpelekee fundi unayemwamini. Pengine atalazimika kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kabla hujamkabidhi, hakikisha mali zako zimenakiliwa kwenye flashi.

Uliza pia kompyuta yako ina Windows ipi. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mitumba bado zina Windows hiyo. Mwulize fundi kama yako inaweza kuwekewa Windows 11.

8. Kusoma anuani

Tazama mstari ulio juu ya kivinjari. Jina la mahali huanza baada ya alama hizi :// na huishia kwenye mshazari / unaofuata. Kama hakuna mshazari mwingine, huishia mwisho wa mstari. Kilicho muhimu ni mwisho wa jina hilo. Ofisi za serikali ya Tanzania hutumia go.tz. Tapeli anaweza kuweka jina la Bodi mwanzoni. Anaweza hata kuweka go.tz katikati. Lakini mwisho wa jina ndio unaotaja mwenyewe.

Kumbuka tena kwamba malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo watu wengi huiita kontroo namba. Ukiambiwa utume fedha kwa simu ya mtu fulani, simama. Ukiona ukurasa unaopiga kelele kwamba kompyuta yako imeharibika na upige simu sasa hivi, usipige. Funga kivinjari.

Ukipata ujumbe wa tapeli kwa simu, toa taarifa kwa kutuma ujumbe kwenda namba 15040. Kama fedha zimekwisha kwenda, iarifu kampuni yako ya simu mara moja, kisha uende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa, na anayedanganya watu kwa kutumia kompyuta.

Usimpige mtoto aliyeleta mgeni nyumbani. Mtoto aliyepigwa huficha, na mgeni anayefichwa hukaa muda mrefu. Mkalishe karibu. Mfundishe kusoma kabla ya kukubali.

Kaya ya mfano wetu iliisafisha kompyuta yake siku ya Jumamosi. Binti alijaza fomu kabla ya siku ya mwisho. Fedha za maharage zilibaki nyumbani. Mama yule hakuwa fundi wa kompyuta, na alikuwa msomaji wa polepole kuliko wote nyumbani. Lakini alisoma mpaka mwisho wa mstari.

Maneno ya somo hili

*Anuani*: jina la mahali katika intaneti.
*Kiendelezi*: programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari.
*Kupakua*: kuchukua kitu kutoka kwenye intaneti na kukiweka katika kompyuta.
*Mipangilio*: sehemu ya kuamulia jinsi programu itakavyofanya kazi.
*Mshazari*: kistari kilicholala upande, kama hiki /.

Maswali

1. Mteka kivinjari hupata faida gani kwa kugeuza vibao?
2. Taja dalili tatu za kuwapo kwake.
3. Aliingiaje katika kompyuta ya kaya ya mfano?
4. Kwa nini maneno ya siri hubadilishwa mwishoni, siyo mwanzoni?
5. Anuani moja ina jina la Bodi mwanzoni na go.tz katikati. Lakini kabla ya mshazari inaishia na neno jingine. Je, ni ya serikali? Eleza sababu.

Zoezi la kikundi

Kaeni watu watano watano. Kila mmoja aeleze mara moja alipokubali au kutia sahihi jambo bila kulisoma. Nini kilitokea? Kisha andikeni pamoja sentensi tatu za kubandika ukutani, karibu na kompyuta au mahali pa kuchajia simu. Someni sentensi hizo kwa sauti mbele ya darasa.